Urafiki wa Wanawake na Nguvu Zake



Leo nimeombwa niseme juu ya urafiki wa mwanamke na mwanamke mwenzake, ule urafiki unaodumu miaka na miaka, na juu ya nguvu wanazozipata humo. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mwalimu huyu ni mwanamume, mambo ya wanawake ameyajuaje?" Swali hilo ni la haki. Jawabu langu ni kwamba naliyajua kwa kuyakosea, na kosa langu nitawaeleza kabla sijamaliza. Mke wangu ameniruhusu. Lakini kwanza sharti niwaonyeshe mahali tunapokaa.

Kilimatinde ni mji mdogo katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pale asubuhi na kutazama upande wa mashariki, nchi ya Bahi imelala chini yako, tambarare tupu, na mvua zikiwa zimenyesha sana maji hung'aa huko mbali kama bati jipya. Zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita katika Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili ipewe maji na ruhusa ya kupita. Wadachi walipoitawala nchi walijenga boma hapa, na kwa miaka michache pakawa mahali pakubwa. Halafu ikaja reli. Mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufika Tabora, nayo ilipita Saranda na Manyoni, ikatuacha sisi pembeni. Basi biashara ikaifuata reli, na baadaye ofisi za wilaya nazo zikaenda Manyoni.

Habari hizi nazifundisha darasani kila mwaka. Siku moja, nilipokuwa nikieleza juu ya wapagazi na hongo na maofisa, msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, watu wote hao walipofika, maji yao yaliteka nani?" Darasa likacheka. Mimi nikafungua kitabu, nikatafuta, nisione kitu.

Lakini jawabu twalijua sote. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, yaani tangu mwezi wa Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo makorongo hukauka, na mwenye kutaka maji hana budi kuchimba mchangani mpaka ayaone. Kisima cha mchangani hakichoteki na mtu mmoja. Mmoja huingia shimoni akakinga maji kwa kata, polepole, maana hutoka kwa kujikusanya. Wa pili hupokea na kujaza chombo. Wa tatu huangalia watoto na kuzuia mbuzi wasibomoe mchanga. Aendaye peke yake hupoteza nusu ya siku, na pengine hurudi na matope. Sasa bomba ziko katika vijiji vingi, wala sitaki kusema kwamba mambo hayakubadilika. Hata hivyo bomba likiharibika mwezi wa Septemba, wanawake hurudi kulekule mchangani, watatu watatu, kama mama zao.

Tena fikirini jambo hili. Mwanamume akioa, mara nyingi hubaki mahali anapojulikana. Wako baba zake, wako kaka zake, wako aliotahiriwa nao, na ng'ombe wa mahari wana mashahidi. Akipatwa na neno anajua mlango wa kubisha. Mke wake ameletwa. Amefika na sanduku lake na kanga zake, na kila uso anaouona ni mgeni kwake. Mama mkwe anamwangalia anavyosonga ugali. Mawifi wanahesabu vijiko vya mafuta anavyomimina. Ndugu zake wako mbali. Basi mtu huyu sharti ajipatie ndugu wapya kwa mikono yake mwenyewe, na wale wa kwanza ndio wanawake wenziwe anaokutana nao majini.

Wagogo humwita rafiki mbuya. Pwani wanawake waliitana shoga, na kamusi ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939 yalieleza neno hilo kuwa ni la mapenzi na mazoea baina ya wanawake. Siku hizi vijana wa mitaani wamelichukua wakaligeuza tusi la namna nyingine, hata mabinti waona haya kulitamka. Nasikitika, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, na kumnyang'anya mtu jina la rafiki yake si mchezo mdogo.

Wazee wa Ugogo, ambao hawakusoma vitabu, waliijua nguvu ya wanawake waliokusanyika, tena waliiheshimu na kuiogopa kidogo. Mtaalamu mmoja aitwaye Peter Rigby alikaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika habari za desturi zetu. Miongoni mwa aliyoyaandika ni hili: baa likiingia katika nchi, kama ugonjwa wa ng'ombe, wanawake walivaa nguo za wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakatoka wao kwenda kuchunga ng'ombe. Kisha walicheza wakielekea magharibi, jua linakotua, ili kuupeleka ule ubaya mbali na nchi. Kazi hiyo hakuiweza mwanamke mmoja, hata awe mke wa mtemi. Ilitaka wanawake wa nchi nzima wenye kuaminiana, maana mwenye kutoka amevaa mavazi ya mumewe na mkuki begani lazima awe na hakika kwamba mwenzake wa kushoto hatamcheka kesho.

Ngoma ya muheme mmeisikia, hata ninyi msiokaa Ugogo. Ngoma zile hupigwa na wanawake, wamezibana mapajani, na ngoma moja peke yake haina maana. Kila mpigaji ana pigo lake, na wimbo hupatikana pale mapigo yanapokutana. Wazungu wenye elimu ya muziki wametoka mbali kuja kuyasikiliza mapigo hayo. Mimi nimewaona akina mama wenye mvi wakikaa kwenye ngoma baada ya kulima kutwa nzima, na kabla ya kuanza hawasemi neno. Hutazamana tu, kisha huanza wote kwa pamoja. Nalimwuliza mmoja wao wanajuaje wakati wa kuanza. Alinijibu kwamba wamepiga pamoja tangu walipokuwa wasichana, na akaniona mjinga kwa kuuliza.

Ngoma za wanawake zimewahi kufanya kazi kubwa kuliko kuchezesha watu. Tuifuate ile reli yetu mpaka mwisho wake wa mashariki, tufike Dar es Salaam, mwaka 1955. Alikuwako mwanamke kijana aitwaye Titi binti Mohamed, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1926. Watu walimjua kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji katika chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vyama vya namna hiyo, pamoja na vile vya lelemama, vilikuwa vingi mjini. Wanawake walichanga fedha, walishona sare, walikuwa na vyeo vyao. Arusi ikitokea walikwenda kupika, msiba ukitokea walikwenda kukesha. Waliokaa nje waliona ni michezo ya akina mama.

Mwaka huo alikuja mgeni kutoka Uingereza, Bwana John Hatch wa chama cha Labour, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Wanaume walitazamana. Ndipo Bibi Titi akatwikwa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake wa chama, pamoja na Bibi Tatu binti Mzee. Je, alianzia wapi? Hakuanza kwa matangazo ukutani. Aliwaendea wakubwa wa vyama vya ngoma, wanawake aliocheza nao na kulia nao, na kila mmoja akawaendea wenziwe. Ilipofika Oktoba wa mwaka ule ule, wanawake waliokwisha kuandikishwa walikuwa 5,000. Tanganyika ikapata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na Bibi Titi akaishi mpaka mwaka 2000. Mwandishi Susan Geiger aliwasikiliza wanawake hao wenyewe katika miaka ya 1980, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1997 ndicho kilichonifundisha habari hii. Nalipokisoma nalishangaa, nikaona ya kuwa chama kikubwa cha siasa kilijengwa juu ya sufuria za arusi na mikeka ya matanga, na wenye kuiweka misingi ile hawakujua wakati ule kwamba wanaweka misingi.

Lakini sisemi kwamba wanawake wote ni malaika. Nimeona upatu ukivunja urafiki wa miaka kumi kwa ajili ya shilingi elfu thelathini. Nimeona wawili waliosuka nywele pamoja wakipitana njiani kama watu wasiojuana, kwa neno moja lililosemwa harusini. Urafiki ninaousema ni ule uliokwisha kupita katika mambo hayo ukatoka mzima, nao si mwingi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nalioa miaka kumi na sita iliyopita. Mke wangu alitoka upande wa Mpwapwa, nami nikamleta katika kijiji kimoja nje ya Kilimatinde, ng'ambo ya korongo, nilikopewa nyumba ya mwalimu. Hakumjua mtu hata mmoja. Mwezi wa kwanza alikuwa akiniuliza kila jioni, "Leo shuleni mmefanya nini?" nami, kwa kuchoka, nikamjibu maneno mawili. Halafu akaacha kuuliza. Nalikuja kufahamu baadaye kwamba amepata mtu wa kuzungumza naye, nao ni jirani yetu, mke wa seremala, mama wa watoto watatu. Walikutana kwenye foleni ya maji. Mama yule alimwonyesha mashine ya kusaga isiyopunja, akamfundisha mlenda wa kwetu unavyokaushwa na kusagwa, akamwambia ni nani wa kuamkia kwanza na ni nani wa kupita upesi. Wakawa wakiazimana chumvi, kaa la moto, ungo, hata sindano.

Siku moja nalirudi nyumbani na wageni wawili, watu wa elimu, nikakuta moto umezimika na chungu ni baridi. Wale wawili walikuwa uani, mmoja amekaa juu ya kinu, wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Naliona haya mbele ya wageni, na haya ikageuka hasira. Nikamwita mama yule mmbeya, mbele yake, nikasema sitaki kumwona tena nyumbani kwangu, wala mke wangu nyumbani kwake. Mama yule aliokota ungo wake akaondoka. Mke wangu akasema, "Haya, Mwalimu." Hakusema zaidi.

Tangu siku ile chakula kilikuwa tayari saa saba kamili. Uwanja ulifagiliwa. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimeinyosha nyumba yangu. Ila niligundua neno moja, nikalipuuza: mke wangu hakuimba tena alipokuwa akitwanga.

Ikapita miezi mitano, akawa mjamzito wa miezi saba. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa kali, nikaitwa Singida kwa kazi ya shule ya siku kumi. Nikamwachia fedha, nikamwambia akipatwa na neno amwendee mwalimu mwenzangu. Mwalimu yule naye alikuwa amesafiri, sikuuliza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua mpaka baadaye. Mke wa seremala, tangu siku niliyomfukuza, kila alfajiri alikuwa akitoka nje kutazama paa la jiko letu. Moshi ukipanda alijua mwenzake ameamka salama, akarudi kwenye kazi zake. Miezi mitano hiyo hawakusema neno, kwa kuwa mke wangu alinitii. Lakini mke wangu naye alijua kwamba anatazamwa, na siku nyingine alikoka moto mapema kuliko haja ya moto, ili moshi uonekane.

Siku ya nne ya safari yangu moshi haukupanda.

Mama yule hakungoja. Aliruka uzio, akamkuta mke wangu sakafuni, ameanguka usiku, damu inamtoka. Akapiga kelele, wakaja wanawake wanne, wale wale wa foleni ya maji. Wanaume walikuwa wamekwenda mashambani. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakakiinua, wakaingia korongoni maji yakiwa yamefika mapajani, wakampeleka mpaka hospitali ya Kilimatinde. Mganga alisema baadaye kwamba kama wangechelewa saa moja, wangeleta maiti.

Mke wangu alipona. Mtoto, naye alikuwa wa kiume, alikaa saa chache tu, akafa. Wanawake wale ndio waliomwosha, na mke wa seremala ndiye aliyemshika mpaka akapoa.

Habari zilinifikia kwa kuchelewa, maana simu yangu haikuwa na chaji, na barabara ilikuwa tope. Nalifika siku ya tatu. Nikawakuta wamekaa mkekani, na mke wangu ameegemeza kichwa chake kwenye paja la yule niliyemwita mmbeya. Waliponiona walisogea, wakaniachia nafasi mkekani. Hakuna aliyenisema. Ningependa kama wangenisema.

Wiki kadhaa zikapita kabla sijathubutu kwenda kwa seremala. Nalinunua doti moja ya kanga, nikaweka na fedha ndani ya bahasha, nikamkuta mama yule anachekecha unga. Naliomba radhi, na sikuomba vizuri, maana mwalimu aliyezoea kusahihisha wengine hana mazoezi ya kazi ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Fedha alinirudishia. Kanga aliipokea, akaikunjua, akaikata doti ile katikati palepale, kipande kimoja akajifunga, cha pili akanipa.

"Hiki mpe mwenzangu," akasema. Kisha akainua ungo wake tena. "Na wewe shemeji, kwenu chumvi ipo? Yangu imekwisha tangu jana."

Mpaka siku ile alikuwa ameniita Mwalimu tu. Kuanzia hapo akaniita shemeji, na watoto wetu wawili waliozaliwa baadaye humwita mama mkubwa, ijapokuwa ukitafuta ukoo huoni tumeungana wapi. Jioni ile nalipeleka chumvi kwa mkono wangu mwenyewe, na njiani nikasikia kinu cha nyumbani kwangu kinalia, na juu yake sauti.

Miaka sita iliyopita seremala alipata kazi Itigi, wakahama. Nalidhani mambo yatapungua. Hayakupungua. Huzungumza kwa simu kila Jumapili jioni, na mazungumzo yenyewe, kama niyasikiavyo kutoka chumba cha pili, ni bei ya mafuta ya alizeti, na mgongo unaouma, na jina la mtu fulani, kisha kicheko kile kile cha kwenye kinu. Kila likizo mke wangu hupanda basi kwenda Itigi na kifurushi cha mlenda, na ile kanga ameivaa, ijapokuwa imefifia hata maandishi hayasomeki. Nimesikia kwamba ya mwenzake imefifia vilevile.

Sasa ninaposema nanyi yuko huko. Alikwenda kwa siku nne. Jana alipiga simu kusema ataongeza mbili, maana mwenzake anaoza binti na mchele haujapepetwa. Mimi nimebaki na watoto, na ugali nilioupika jana usiku umekataliwa hata na mbwa. Moto nimekwisha kuukoka leo asubuhi, mapema.

Nawaaga, wasikilizaji wangu. Kwaherini.